Barua za Barazani: Nani Alikuwemo Ndani ya Ile Mashine?

Assalamu alaykum wasomaji, haya tumekutana tena. Mwezi uliopita yule bwana alipouliza kama bao linanoa akili, niligusia nusu mstari tu kwamba hata mabingwa wa sataranji walishapigwa na kompyuta, basi kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia Unguja na Pemba mpaka simu ikawa moto, na nyingi ni za ugomvi, watu wameshabishana wamechoka sasa wanataka mtu wa kuamua. Nasema mapema mie si bingwa, mie mchezaji wa jioni tu pale Jaws Corner nikishapata kahawa yangu, nafungwa kuliko ninavofunga, lakini hivi visa vya watu na mashine nimevifuata tangu ujana. Nimechagua barua tano. Wengine mnaandika chesi wengine sataranji, kitu kile kile, msinigombe nikichanganya.

*Maalim shikamoo. Hapa kwetu Wete kuna mzee kashikilia kwamba yule Mrusi Kasparov hakufungwa na kompyuta, anasema Wamarekani walificha mtu chumba cha pili ndo aliekuwa akicheza. Sisi tukimwambia sivo anatwambia nyinyi mmezaliwa juzi. Tumewekeana chai na maandazi ya watu kumi na mbili, nani anunue?* — Kijana wa Wete

Marahaba mwanangu. Mzee wenu mpeni nusu ya maandazi, maana neno hilo hakulitunga yeye, wa mwanzo kulinong'ona alikuwa Kasparov mwenyewe, tena hakunong'ona, kalisema mbele ya waandishi wa habari.

Ilikuwa Mei 1997, New York, ghorofa ya 35, michezo sita, anaeshinda anachukua dola 700,000 na anaefungwa anaondoka na 400,000 (kufungwa kwa namna hiyo hata mie niiteni). Upande mmoja Garry Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985. Upande wa pili Deep Blue ya kampuni ya IBM, makabati mawili meusi yenye uzito wa zaidi ya tani moja, na makabati yenyewe wala hayakuwepo mezani, yalikuwa chumba chengine, mezani alikaa injinia anaetizama skrini na kusogeza kete kama alivoambiwa. Hebu fikiria weye, umekaa na mtu uso kwa uso, humuogopi yeye hata chembe, unamuogopa asiekuwepo.

Walishakutana mwaka mmoja nyuma, Februari 1996 kule Philadelphia. Mchezo wa mwanzo mashine ikashinda, na hiyo ndo mara ya kwanza kompyuta kumfunga bingwa wa dunia kwa muda kamili wa mashindano, lakini Kasparov akajipanga akamaliza mechi 4 kwa 2. Kwahiyo New York alikwenda kifua mbele, na mchezo wa kwanza akashinda tena, kila mtu akasema yale yale.

Ndo ukaja mchezo wa pili, na hapa ndo penye kisa chote. Mashine za zama zile zilijulikana kwa ulafi, ukiziachia askari wa bure zinakula kama kuku alieona mtama, halafu wakati zinatafuna weye unapata nafasi ya kupita nyuma. Kasparov akaziwekea mtama wake. Mashine ikatizama, ikatizama, haikula. Ikabadilishana askari kule pembeni kwa utulivu, ikamsogeza askofu wake katikati ya uwanja, na mlango ambao Kasparov alitarajia kutokea ukafungwa mbele ya macho yake. Hatua ya namna hiyo haina pato la pale pale, ni hatua ya mtu mzima aliekaa kwenye mchezo miaka arbaini, anaejua kwamba mpinzani akikosa hewa atakufa mwenyewe. Kasparov akashika kichwa. Akavuta hatua chache tena, na ilipofika ya 45 akakubali kashindwa, akaondoka na hasira zake.

Siku ya pili wenzake wakamtolea habari mbaya kuliko ya jana. Pale alipokubali kufungwa palikuwa na njia ya suluhu, malkia wake angezama nyuma ya mstari na kumpa mfalme wa mashine cheki (yani kumtishia), na cheki, na cheki bila ya kikomo, mchezo ukawa sare. Hakuiona. Na hakuiona si kwa kuwa hajui, mtoto wa klabu anaijua hiyo, hakuiona kwa kuwa alishaamini kwamba kitu kinachoweza kucheza vile hakiwezi kuacha tundu, basi hata kulitafuta hakulitafuta. Mie hapa husema mechi iliisha siku ile, michezo minne iliobaki ilikuwa kukusanya viti tu.

Sasa alipoulizwa na waandishi mashine iliwezaje kucheza vile, akawakumbusha goli la Maradona dhidi ya Uingereza mwaka 1986, lile la mkono, ambalo Maradona alisema ni mkono wa Mungu. Mpenda mpira yeyote anaelewa kilichosemwa hapo. Akataka aoneshwe karatasi za ndani ya mashine, zile zinazoonesha ilivopiga hesabu zake, hakupewa pale pale. Mchezo wa tatu, wa nne na wa tano zikatoka sare, na tarehe 11 Mei ukaja wa sita, Kasparov akakosea mpangilio mapema kabisa, mashine ikatoa farasi sadaka, na kwa hatua 19 tu bingwa wa dunia akanyosha mkono. Mwisho 3.5 kwa 2.5 (sare kila mmoja anapata nusu). Alafu IBM wakakataa mechi ya marudiano, mashine wakaivunja, sehemu yake ikapelekwa makumbusho kule Washington, na hizo karatasi wakaja kuziweka kwenye intaneti baadae. Kama ulitaka kuumwagia petroli moto wa fitina, hivo ndo unavofanya.

Mtu alikuwemo? Wakati wa mchezo, hapana. Lakini nyuma ya mashine walikuwemo watu tele, akina Feng-hsiung Hsu na Murray Campbell waliojenga, na grandimasta (cheo cha juu kabisa cha wachezaji sataranji) mmoja wa Kimarekani, Joel Benjamin, aliekuwa kama mwalimu wake, na sheria iliwaruhusu kuirekebisha baina ya mchezo mmoja na mwengine. Yani Kasparov analala, watu wa mashine wanaamka wanakaza spana. Ndo maana nasema nusu ya maandazi.

Na kuna kipande kimoja ambacho mzee wenu akikisikia atacheka mpaka chai imtoke puani. Kwenye mchezo wa kwanza, ule alioshinda Kasparov, mashine karibu na mwisho ilisogeza ngome bila ya sababu yoyote, na kambi ya Kasparov wakakesha wanajiuliza kwanini, wakafikia kwamba lazima imeona mbali mno, hatua ishirini mbele huko, ndo maana ikachagua kitu ambacho binadamu hakielewi. Miaka mingi baadae Campbell akaja akasimulia kwamba ile ilikuwa hitilafu tu ya programu, mashine ilikwama ikachagua hatua ovyo. Mtu kaogopeshwa na mashine iliokosea! Sasa changanya hofu ile na mchezo wa pili ndo upate picha.

Hii dhana ya mtu ndani ya kabati ina umri wake lakini, haikuanza Wete. Mwaka 1770 kule Vienna fundi mmoja Wolfgang von Kempelen alimtengenezea malkia Maria Theresa sanduku kubwa, juu yake kakaa sanamu la mtu kavaa kilemba na joho, wakaliita Mturuki, linacheza sataranji lenyewe na linafunga watu. (Kwanini alivishwa kilemba? Kwa Mzungu wa zama zile ukitaka kitu kionekane cha uchawi unakivisha nguo za mashariki, hilo tutalijadili siku nyengine.) Likazungushwa Ulaya yote, Napoleon kacheza nalo mwaka 1809. Na ndani, mwanangu, alikuwemo mtu kweli, mchezaji hodari kajikunja na mshumaa wake, anafuata kete kwa sumaku. Mturuki aliungua moto mwaka 1854, na mahali alipoungulia ni Philadelphia, mji ule ule ambao Kasparov alikuja kufungwa na Deep Blue kwa mara ya mwanzo. Mwambie mzee hilo nalo, atalitumia.

*Maalim, mie nasomesha hesabu skuli moja hapa mjini. Wanafunzi wananiuliza hiyo kompyuta inafikiri vipi mpaka imshinde mtu, mie nawambia inahesabu, wanasema hata sisi tunahesabu. Nipe mfano ambao mtoto wa Jang'ombe atauelewa. Na jee bao letu nalo linaweza kuchezwa na mashine?* — Mwalimu wa Jang'ombe

Mwalimu wangu, swali zuri ila unanitia kwenye fani yako, nisahihishe nikipotoka.

Kwenye sataranji, kwa wastani, kila zamu mchezaji ana hatua kama 35 anazoweza kucheza. Mwenzake ana 35 za kumjibu. Weye tena 35, yeye tena 35. Wape watoto wazidishe 35 kwa 35 kwa 35 kwa 35 waone, inapita milioni moja na nusu, na hapo kila mmoja kacheza mara mbili tu, kahawa haijapoa. Mashine inafuata matawi hayo, na mwisho wa kila tawi inapiga hesabu: nani ana kete nyingi, mfalme wa nani yuko wazi, askari gani karibu kufika, halafu inatoa namba moja. Deep Blue ilikuwa ikifanya hivo kwa mikao (namna kete zilivokaa ubaoni) milioni 200 kila sekunde. Mtu hawezi, na wala hajaribu, bingwa anatizama hatua mbili tatu zinazonukia, nyengine zote jicho lake linazipita kama hazipo.

Lakini hata mashine haipekui kila kitu, na hapa ndo penye mfano wako. Watoto wako wote wameshatumwa samaki Darajani. Umefika, kuna fungu bei nzuri, unamgeuza samaki wa mwanzo kaharibika. Jee unamgeuza wa pili na wa tatu? Huna haja, fungu lile unaliacha unakwenda jengine, haijalishi waliobaki wangekuwa wazima vipi, maana unajua muuzaji atakupa huyo huyo mbovu. Mashine nayo ni hivo hivo, ikijaribu hatua na kukuta mpinzani ana jibu moja baya la kutosha, hatua ile inaitupa, majibu mengine hayaangaliwi. Mpinzani ndo muuza samaki, siku zote atakupa kibovu. Kwa ujanja huo mdogo kazi inapungua mno na mashine inapata nguvu ya kwenda chini zaidi.

Hiyo ni mashine ya zamani. Za sasa zimeongezwa kitu chengine. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitoa programu inaitwa AlphaZero, hawakuifundisha lolote ila sheria za mchezo, hakuna grandimasta, hakuna daftari la mianzo, ikacheza peke yake dhidi ya nafsi yake mamilioni ya michezo, na baada ya masaa manne ikawa imeshaipita Stockfish, programu iliokuwa miongoni mwa kali kabisa duniani. Walipozipambanisha michezo 100, AlphaZero ilishinda 28, sare 72, haikufungwa hata mmoja. Na ilipekua mikao michache sana kuliko mwenzake, kwahiyo wale wanafunzi wako wanaosema kuhesabu pekee hakutoshi, wape maksi.

Bao sasa. Wengi wanadhani bao ni jepesi kwa mashine kwa sababu mashimo ni 32 tu na kete 64. Si hivo. Kwenye sataranji unasogeza kete moja, umemaliza, mtu anaona. Kwenye bao unanamua, unakula, unapeleka kichwa, kete zinazunguka, zinakula tena, zinaingia nyumba unaamua ulale au uendelee, na mpaka unalala uwanja mzima umegeuka. Hatua za kuchagua ni chache, ila kila moja ina utumbo mrefu. Kwa mtu huo ndo mtihani, kwa mashine kuzunguka si kitu, haichoki. Miaka ya 1990 mtafiti wa Kidachi Alex de Voogt alikuja hapa hapa Zanzibar kuwasoma mabingwa wetu, namna wanavobeba mizunguko ile kichwani bila kugusa kete, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht kule kule Uholanzi wakaandika programu ya kucheza bao. Ninachosikitika mie ni kwamba kwenye sataranji dunia ililetewa makamera na mamilioni ya dola, na bao hakuna tajiri hata mmoja aliesema haya, bingwa wa Unguja mkae na mashine tuone. Mie ningelipa kiingilio.

*Kaka, baada ya Kasparov kuna mwengine aliejaribu? Na leo hii binadamu anaweza kushinda kompyuta au ndo basi tena?* — Mpenda chesi, Mkoani

Walijaribu sana ndugu yangu, na kidogo kidogo ikawa inauma.

Oktoba 2002 Vladimir Kramnik, yule aliemvua Kasparov ubingwa mwaka 2000, alikaa na programu ya Kijerumani Deep Fritz huko Bahrain, michezo minane. Nakumbuka vizuri maana binamu yangu alikuwa Manama dukani, nikampigia simu nikijua atanipa habari za mezani, akanambia yeye habari hana, kama si mpira asisumbuliwe. Kramnik baada ya michezo minne alikuwa mbele 3 kwa 1, sote tukasema binadamu karudi, akafungwa wa tano, akafungwa wa sita, ikaisha 4 kwa 4. Mwaka uliofuata Kasparov nae akatoka sare mara mbili, 3 kwa 3 na Deep Junior, kisha 2 kwa 2 na toleo la Fritz ambalo alicheza kavaa miwani anaona uwanja unaelea hewani na hatua anazisema kwa mdomo. Mambo ya sinema.

Sare zikaisha hapo. Juni 2005 London, Muingereza Michael Adams, mmoja wa wachezaji kumi bora wa dunia, akapambana na mashine Hydra, na Hydra yenyewe mali ya Waarabu wa Abu Dhabi. 5.5 kwa 0.5. Yani katika michezo sita kaambulia sare moja. Mechi ile mie huiona nzito kuliko ya 1997, kwa sababu hapa hapakuwa na fitina wala karatasi za kufichwa, palikuwa na kipigo tu.

Ya mwisho kubwa ilikuwa Bonn, Ujerumani, mwishoni mwa 2006, Kramnik tena na Deep Fritz. Mchezo wa pili Kramnik anacheza vizuri, hana shida yoyote, pengine yeye ndo alie juu. Akasogeza malkia wake kwa utulivu, akainuka, akachukua kikombe chake akiondoka jukwaani. Nyuma yake mashine ikaleta malkia wake ubavuni mwa mfalme, cheki-meti. Hatua moja! Kitu ambacho mtoto wa miezi miwili ya mazoezi anakiona, bingwa wa dunia hakukiona. Na usimcheke, mie naamini angekuwa anacheza na mtu, mtu yule angekuna sikio, angejiinua kwenye kiti, macho yangemtoka, na Kramnik angeshtuka. Mashine haina macho ya kukutoka. Mechi ikaisha 4 kwa 2 na tangu hapo hakuna bingwa alietaka tena kukaa mechi kamili sawa kwa sawa.

Na kama ulidhani lazima upate makabati ya tani moja, Agosti 2009 simu ya mkononi yenye programu Pocket Fritz 4 iliingia mashindano Buenos Aires, ikapata pointi 9.5 katika michezo 10. Simu ile ilikuwa ikipekua mikao isiofika 20,000 kwa sekunde, linganisha na milioni 200 za Deep Blue. Akili ya programu ndo ilioongezeka. Miezi minne tu baadae, Disemba ile ile 2009, Unguja ikaingia kwenye giza la miezi mitatu umeme wa bara ulipokatika, simu zenyewe tukawa tunazipeleka kuchaji kwenye jenereta la mtu kwa pesa, na sataranji tunacheza kwa koroboi. Usiku ule hakuna mashine iliomfunga mtu Zanzibar.

Leo wanacheza kwa kupewa nafasi, mashine inaanza pungufu. Mwaka 2016 Mmarekani Hikaru Nakamura, mmoja wa wachezaji wakali kabisa, alicheza michezo minne na programu Komodo, kila mchezo kapewa zawadi ya namna yake mwanzoni, na bado akafungwa 2.5 kwa 1.5. Magnus Carlsen, ambae kiwango chake cha 2882 (pointi za kupimia wachezaji) cha mwaka 2014 hakuna mtu aliekifikia kabla yake, husema wazi kwamba hapendi kucheza na kompyuta. Sasa kama yeye hapendi, mie na weye wa nini.

*Baba, mwanangu ana miaka kumi na moja, kajifunza chesi kwenye simu, kila siku anacheza na kompyuta na kila siku anafungwa, juzi kalia. Baba yake anataka kuifuta hiyo apu, bibi yake anasema mchezo wenyewe haifai kidini. Nifanyeje?* — Mama wa Mwanakwerekwe

Bi mkubwa pole. La dini mpelekeeni shekhe wenu, maulamaa wamelizungumza karne nyingi na mie si mufti, nasema tu sala isicheleweshwe na pesa zisiwekwe.

La kilio naliweza. Huyo mtoto anashindana kukamua muwa kwa meno na ile mashine ya juisi ya Forodhani, ataishia kutoka damu kwenye fizi. Ndani ya hiyo apu kuna mahali pa kuchagua nguvu ya kompyuta, ipunguzeni mpaka chini kabisa, na akishinda mara tatu mfululizo ndo mpandishe daraja moja. Lakini bora zaidi mtafutie mtu, mtoto wa jirani, mjomba, yeyote anaekosea kama yeye. Acheze na mtu kwanza, kisha mchezo ule ule auingize kwenye kompyuta na aiulize wapi alipoharibu. Hivo ndo wanavofanya mabingwa wenyewe, asubuhi mashine ni mwalimu, jioni mpinzani ni mtu. Apu msiifute. Na kulia si vibaya, mie nina miaka hamsini na sita na juzi nimefungwa na muuza kashata, nimekwenda nyumbani sikula.

*Maalim, shemeji yangu akicheza kwenye simu anafunga watu wa dunia nzima, Warusi, Wahindi, anatuonesha skrini. Akija barazani Chake anafungwa na kila mtu. Anasema ati kelele zetu zinamchanganya. Tumuamini?* — Mume wa dada yake, Chake Chake

Hapa nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaja kuuliza.

Ndugu yangu, zamani watu walikuwa na wasiwasi kwamba ndani ya mashine kuna mtu. Sasa wasiwasi umegeuka, ndani ya mtu kuna mashine. Mwaka 2015 kwenye mashindano ya Dubai, grandimasta mmoja alikuwa kila baada ya muda mfupi anakwenda chooni, na kila akenda anaingia mlango ule ule, mpinzani wake akashtuka akawaita waamuzi. Wakaingia, wakaikuta simu imefichwa humo, imeviringishwa karatasi za choo, na ndani yake mchezo wao wenyewe uko kwenye programu. Akakataa kwamba si yake, lakini simu ilikuwa imefunguliwa akaunti yake. Kafungiwa miaka mitatu na cheo cha ugrandimasta kanyang'anywa. Mtu mwenye cheo chake, hana njaa ya kuthibitisha lolote, na bado shetani kampitia, seuze shemeji.

Lakini usimtuhumu bure, shemeji ni mtu wa heshima na mkeo ndo atakaebaki na kesi nyumbani. Huenda kweli kelele zinamchanganya, baraza za Chake nazijua. Dalili moja ya kuangalia: mtu anaetumia mashine anajibu kila hatua kwa muda ule ule, nyepesi sekunde kumi, ngumu sekunde kumi. Mtu wa kweli hatua ya wazi anaipiga papo hapo, na ngumu anaikalia mpaka chai inapoa. Na akishashinda muulize kwa upole, kwanini ulimtoa yule farasi pale? Alietoa kwa akili yake atakueleza mpaka umuombe anyamaze.

Akishindwa kueleza, usiseme kitu. Mwite siku ya Ijumaa baada ya alasiri, mkae pembeni mbali na kelele, wawili tu, kila mtu simu yake aiache kwa muuza kahawa, halafu niandikie matokeo.